Mwalimu wa Kiingereza ughaibuni: kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, jua ukaazi wako umesimama juu ya nani

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha Kiingereza nje, mwaka wa tisa sasa. Nimepita nchi tatu, shule nne na kituo kimoja cha masomo ya jioni. Karibu kila wiki napata ujumbe wa mwalimu anayeniuliza jambo lile lile: shule imenichosha, nimepata nyingine inayolipa vizuri, je, naruhusiwa kuhama? Nimeona nilete uzi ili nisiwe nawajibu watu mmoja mmoja, na walioko nchi nyingine waongeze ya kwao.

Kuhama unaruhusiwa karibu kila mahali. Cha kujiuliza kwanza ni hiki: hiyo ruhusa ya kuishi iliyogongwa kwenye pasipoti yako imesimama juu ya nani? Zipo nchi ambazo ruhusa ni yako mwenyewe, ukiacha kazi unaendelea kuwa nayo kwa muda. Zipo ambazo ruhusa ni ya mwajiri, amekuazima tu, na siku unayotoka kwake inatoka na wewe. Mwalimu asiyejua yuko upande gani anaweza kufanya kila kitu kwa adabu, akatoa notisi, akaaga wanafunzi, na bado akajikuta amevunja sheria.

Mimi yalinipata Thailand.

Nilikuwa shule binafsi, darasa la watoto zaidi ya arobaini, kazi yenyewe naipenda. Nilikuwa na viza ya Non-B, ile ya kufanya kazi, nyongeza ya ukaazi ya mwaka mmoja, na kile kitabu cha bluu cha kibali cha kazi. Mhuri ulisomeka mpaka Machi. Oktoba muhula wa kwanza ulipoisha nikapata shule nyingine upande wa pili wa jiji, mshahara umepanda na vipindi vimepungua. Nikatoa notisi ya mwezi kama mkataba ulivyotaka. Ijumaa ya mwisho tukapiga picha na wanafunzi, nikarudisha funguo za kabati, nikaenda zangu nyumbani kusubiri shule mpya iandae makaratasi. Nililala usingizi mzuri. Mhuri si unasema Machi?

Wiki ya tatu karani wa shule mpya akanipeleka uhamiaji. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, hakuinua sauti hata mara moja. Alifungua pasipoti, akaiweka barua ya shule ya zamani pembeni yake. Kidole kimoja akakiweka kwenye tarehe ya barua, kingine kwenye mhuri. Akavuta kikokotoo, akabonyeza, akanigeuzia nisome mwenyewe: 9,500. Siku 19, baht 500 kwa kila siku.

Nilidhani amekosea. Nikamwonyesha neno Machi. Akatikisa kichwa, akarudisha kidole kwenye barua.

Ndipo nikaelewa. Ile nyongeza ya mwaka mmoja nilipewa kwa sababu ya ajira. Ajira ilipokoma, nayo ilikoma siku hiyo hiyo. Kwa siku 19 nilikuwa nakaa nchini bila ruhusa, huku natembea barabarani nikiwapungia askari mkono.

Faini nililipa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuweza tena kubadilishiwa nikiwa ndani ya nchi. Ilibidi nipande treni ya usiku mpaka Nong Khai, nivuke Daraja la Urafiki niingie Laos, niombe Non-B nyingine kwenye ubalozi wa Thailand pale Vientiane. Shule mpya ilinivumilia. Ingeweza kabisa kumchukua mwingine, na ningebaki sina kazi ya zamani wala mpya.

Nilichopaswa kufanya ni kitu kidogo sana. Siku ile ya mwisho ya kazi ningekwenda uhamiaji na mtu wa shule, nyongeza ifutwe mbele yangu, kisha niombe zile siku 7 wanazotoa kwa baht 1,900 ili mtu ajipange kuondoka. Na njia nzuri kuliko hiyo ni kuzikutanisha shule mbili kwenye tarehe: ya zamani inafuta leo, mpya inaomba leo. Inawezekana. Baadaye niliwahi kufanya hivyo, na tulitoka ofisini saa tisa alasiri kila kitu kimekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kwa nchi yoyote: hesabu pengo. Kati ya siku ya mwisho kwa mwajiri wa zamani na siku ya kwanza kisheria kwa mwajiri mpya kuna siku ngapi, na katika siku hizo unakaa nchini kwa ruhusa ipi? Kama huwezi kujibu kwa sentensi moja, usiandike barua ya kuacha kazi bado.

La pili ni makaratasi. Kusanya ukiwa bado umo ndani, watu bado wanakuchekea. Barua ya uzoefu, barua ya kuachiliwa pale inapohitajika, stakabadhi za mshahara, uthibitisho wa kodi, nakala ya mkataba yenye mihuri. Shahada halisi iwe mikononi mwako, na pasipoti vilevile. Mwajiri akikwambia anakuhifadhia pasipoti, mwambie utajihifadhia mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani linahesabu kushikiliwa kwa hati za mtu kuwa moja ya dalili za kazi ya kulazimishwa, na halijaliweka jambo hilo pale kwa bahati mbaya.

Karibuni mchangie. Walioko Japani, Korea, China na nchi za Ghuba, tafadhali semeni ya huko.

#2 Mdau

Mwalimu, nimesoma nikaenda kufungua droo kuangalia pasipoti yangu. Mhuri unasema Juni, mkataba unaisha Aprili. Kumbe nilikuwa nahesabu mpaka Juni. Asante sana.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hesabu Aprili. Na anza kuulizia mwajiri mpya Februari.

#4 Mdau aliye Japani

Mkuu, huku mambo ni kinyume kabisa na hayo ya kwako, ndiyo maana nataka niyaeleze vizuri. Nimekutana na walimu waliokaa shule mbaya miaka miwili kwa kuogopa kitu ambacho hakipo.

Japani hadhi ya ukaazi ni ya mtu. Umepewa mwaka 1, au 3, au 5, ni yako, na haifi siku unayoacha kazi. Hakuna barua ya kuachiliwa. Mwajiri akikutishia kwamba ukiondoka "atafuta viza yako", hana uwezo huo. Uwezo wa kuondoa hadhi uko kwa Uhamiaji peke yao. Niliwahi kuambiwa maneno hayo na meneja, mlango umefungwa, na nilitetemeka. Nikaenda kuuliza dirishani uhamiaji, kijana wa pale akanieleza kwa dakika tano, nikarudi kuandika barua yangu.

Lakini una wajibu, na wajibu una siku. Ukiacha kazi, toa taarifa Uhamiaji ndani ya siku 14. Ukipata mwajiri mpya, toa tena taarifa ndani ya siku 14. Inafanyika kwa mtandao, kwa posta au kwa kwenda mwenyewe. Watu wanasahau ile ya kwanza, wanasema nitaunganisha zote nikipata kazi. Usiunganishe. Siku ya kuomba kuongezewa muda wanaziona tarehe zote.

Pia kuna miezi mitatu. Ukikaa miezi mitatu hufanyi kazi ambayo hadhi yako ilitolewa kwa ajili yake, na huna sababu ya msingi, wanaweza kukuondolea. Anayetafuta kazi kweli kweli atunze ushahidi: barua pepe za maombi, majibu, tarehe za usaili.

Shimo linalowanasa wengi ni aina ya hadhi. Vile vituo vya mazungumzo, eikaiwa, vinatumia hadhi ya wataalamu wa sayansi za jamii na huduma za kimataifa. Mwalimu aliyeajiriwa na shule ya msingi au ya sekondari anatumia hadhi ya Mwalimu, kyoiku. Chuo kikuu kina yake, ya Profesa. Kwako wewe kazi ni ile ile, unasimama mbele ya ubao unafundisha Kiingereza. Kwa Uhamiaji ni kazi tatu tofauti. Ukihama kituo ukaajiriwa na shule, badilisha hadhi kwanza ndipo uingie darasani. Na ukihama ndani ya aina ile ile, bado ipo karatasi inaitwa shuro shikaku shomeisho, cheti kinachothibitisha kwamba kazi mpya inakubaliana na hadhi yako. Si ya lazima, ila ukiichukua, siku ya kuongeza muda hutaulizwa mengi.

Naomba pia niseme la nyumba. Kampuni nyingi zinampangishia mwalimu chumba kwa jina la kampuni. Kazi ikiisha, chumba nacho kinaisha. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya mazungumzo ya NOVA ilipoanguka, maelfu ya walimu wa kigeni walibaki na mishahara isiyolipwa, na wengine vyumba vyao vilikuwa mikononi mwa kampuni hiyo hiyo. Viza zao zilikuwa halali, shida ilikuwa pa kulala. Tangu nilipojua habari ile nyumba naipanga kwa jina langu, hata kama ni ghali kidogo.

#5 Mdau

Na kwa sisi wenye pasipoti ambazo hazimo kwenye ile orodha ya nchi zinazohesabiwa kuwa za "wazawa wa Kiingereza", Japani wanatukubali?

#6 Mdau aliye Japani

Kwa hadhi ya Mwalimu, kanuni inaangalia kama umesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Pasipoti haitajwi. Kwa hiyo tafuta barua kutoka shule zako, kuanzia ya msingi, kila moja ikisema lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza na ni miaka mingapi. Mimi nilitumia miezi mitano kuzikusanya, shule moja ilikuwa imebadilisha jina. Anza mapema.

#7 Mleta uzi

Hili la orodha lisemwe wazi, maana linawaumiza watu wetu kuliko mengine yote.

Nchi kadhaa zimeamua kwamba mzawa wa Kiingereza ni pasipoti. Korea Kusini viza ya E-2 ya walimu wa mazungumzo inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Unaweza kuwa umesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, una shahada ya ualimu, wanafunzi wako wanafaulu. Bila mojawapo ya pasipoti hizo, mlango wa E-2 kwa mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida umefungwa. Inauma, na nimeona walimu bora kuliko mimi wakirudishwa kwa sababu hiyo.

Hatari inaanza pale wakala anaposema, "Usijali, njoo kwa viza nyingine, tutarekebisha ukifika." Viza ya biashara, viza ya mwanafunzi, viza ya utalii. Ukifika harekebishi mtu. Na ukishafundisha mwezi mmoja kwa viza isiyo ya kazi, mwajiri anakushika: mshahara ukichelewa huendi kushtaki popote, kuhama huhami, kwani kila ofisi utakayoingia itaanza kwa kuuliza umekuwa ukifanya nini nchini. Huyo ndiye mwalimu asiyeweza kubadili kazi hata akiwa na ofa tano mkononi.

Thailand mlango upo kwa asiye na pasipoti hizo: wanataka cheti cha mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS pamoja na shahada. Ndivyo nilivyoingia mimi.

#8 Mdau aliyekuwa Korea

Nilikuwa Korea miaka minne kwa pasipoti ya Kanada, nichangie kifupi.

E-2 ni ya mwajiri. Ukimaliza mkataba wako wa mwaka, uko huru kwenda shule nyingine. Ukitaka kutoka katikati, shule mpya itakudai barua ya kuachiliwa kutoka ya zamani, na ya zamani hailazimiki kukupa. Hapo ndipo watu wanapokwama. Kama mkataba umekwisha na hujapata pengine, ipo D-10 ya kutafuta kazi, omba kabla E-2 haijaisha.

Na kiinua mgongo: ukitimiza mwaka mmoja unalipwa angalau mshahara wa mwezi mmoja. Zipo shule zinazomwachisha mwalimu mwezi wa kumi na moja ili zisilipe. Rafiki yangu aliachishwa siku 20 kabla. Akaenda ofisi ya kazi na rekodi zake za mahudhurio, akatetewa. Kama hakuwa na rekodi hizo asingekuwa na la kusema.

#9 Mdau

Ninyi mnazunguka sana. Shule ikikusumbua, pokea mshahara, panda ndege usiku, asubuhi wakute dawati tupu. Nimeona wengi wamefanya na maisha yanaendelea.

#10 Mleta uzi

Mkuu, nimekusikia, na najua kwa nini watu wanafanya hivyo. Nimelala kwenye kochi la mwalimu mwenzangu nikimsaidia kufungasha saa nane usiku, maana mwajiri alikuwa hajamlipa miezi miwili. Ukiwa hatarini, au umenyimwa mshahara na hakuna wa kukusikiliza, ondoka. Sitamlaumu mtu kwa hilo.

Ila usimwambie kila mwalimu kwamba ni njia ya kawaida ya kuhama. Yule rafiki yangu hakufuta kibali cha kazi wala ukaazi. Miaka miwili baadaye aliomba kurudi nchi ile ile, shule nzuri, mshahara mzuri. Mfumo ukamwonyesha bado ni mwajiriwa wa shule ya zamani, aliyetoroka. Waliombwa waandike barua, wakakataa. Nafasi ikaenda.

Na wanafunzi waliofika asubuhi wakakuta dawati tupu hawakuwa wamemkosea chochote. Hili nalo nalihesabu.

#11 Mdau aliye Ghuba

Kwenye suala la kutoroka, kwa nchi za Ghuba naomba nisisitize: usifanye. Saudia mwajiri akikuripoti kuwa umetoroka, wenyewe wanaita huroob, mambo yako yote yanafungwa, iqama (kibali cha ukaazi), benki, hata kutoka nchini inakuwa kesi.

Na siku hizi hakuna haja kubwa. Sheria zimebadilika, wengi hawajui bado wanaishi na hofu za zamani. Saudia mageuzi yalianza Machi 14, 2021: ukimaliza mkataba, au ukitimiza mwaka mmoja na ukafuata notisi, unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini ya wa zamani, yote kwenye jukwaa la mtandaoni la Qiwa. Qatar mwaka 2020 waliondoa ile karatasi ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi. Notisi ni mwezi mmoja kama umefanya miaka miwili au pungufu, miezi miwili kama umezidi.

Falme za Kiarabu sheria mpya ya kazi ilianza Februari 2, 2022. Mkataba una ukomo, notisi ni kati ya siku 30 na 90. Sheria hiyo inamkataza mwajiri kushika hati zako na kukutoza gharama za kukuajiri. Kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, baada ya hapo siku 30. Angalieni neno "msingi". Walimu wengi wanasaini mkataba ambao posho ni kubwa na msingi ni mdogo, wanakuja kushtuka mwishoni.

Huko huko Falme, muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Ukitaka kuhamia mwajiri mwingine humo humo nchini ukiwa kwenye majaribio, notisi ni mwezi mmoja na mwajiri mpya anaweza kutakiwa kumrudishia wa zamani gharama za kukuleta. Ukitaka kurudi kwenu, notisi ni siku 14. Kwa hiyo mwambie mwajiri mpya ukweli kwamba uko kwenye majaribio. Akigundua baadaye anakasirika, na ana haki.

#12 Mdau aliye China

Shikamooni walimu. Mimi nipo China, kituo cha watoto, pasipoti ya Uingereza kwa hiyo suala la orodha halinigusi. Mkataba wangu umebaki miezi minne. Nimepata shule rasmi, wanataka nianze mwanzo wa mwezi ujao kutwa. Nilipomgusia mkuu wa kituo akasema, "Barua ya kuachiliwa hatutoi kwa anayevunja mkataba." Kibali changu cha ukaazi kina miezi mitano bado. Shule mpya wanasema niache tu, watashughulikia. Nimechanganyikiwa.

#13 Mleta uzi

Marahaba, dada. Usiache kazi bado. Tulia tulipange.

China bila vitu viwili hakuna kinachosogea: barua ya kuachiliwa, na cheti cha kufutwa kwa kibali cha kazi ambacho mwajiri wa zamani ndiye anayekiomba. Shule mpya haiwezi kukuombea kibali kipya wakati mfumo unaonyesha cha zamani kiko hai. Kwa hiyo wanaposema "tutashughulikia", waulize kwa maandishi: mtashughulikia kipi, kwa hati ipi, na mpaka tarehe ngapi? Kama jibu ni "anza kufundisha wakati tunasubiri", kataa. Sheria ya Kuingia na Kutoka iliyoanza Julai 1, 2013 inatoza faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000 kwa mgeni anayefanya kazi kinyume cha kibali, na hali ikiwa nzito kuna kuwekwa ndani siku 5 mpaka 15. Anayewekwa ndani ni wewe. Mwajiri anatozwa pesa.

Sasa mkuu wa kituo. Usimwendee kwa ugomvi, mwendee na tarehe. Sheria ya Mikataba ya Kazi ya China iliyoanza kutumika mwaka 2008, kifungu cha 37, inampa mfanyakazi kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya siku 30. Kifungu cha 50 kinamtaka mwajiri atoe uthibitisho wa kumalizika kwa ajira. Vichapishe kwa Kichina, uviweke mezani bila kupandisha sauti. Kisha mpe kitu anachokitaka: utakaa siku 30 kamili, utamwandalia mwalimu atakayekuja masomo ya wiki nne, utakuwepo kwenye mkutano wa wazazi. Wakuu wengi hawakatai barua kwa chuki, wanaogopa wazazi watadai ada yao wakisikia mwalimu kaondoka. Mwondolee hofu hiyo kwanza.

Na soma mkataba wako kipengele cha fidia. Kama kuna kiasi cha kulipa ukivunja, linganisha na mshahara mpya kabla ya kuongea.

Shule mpya waambie unaanza siku 45 kutoka leo. Shule inayokutaka kweli itasubiri siku 45. Ukishapata kibali kipya cha kazi, kibadilishe na cha ukaazi ndani ya siku 10, usivute.

#14 Mdau aliye China

Wakisema hawasubiri je?

#15 Mleta uzi

Basi maliza miezi yako minne utafute shule nyingine. Najua si jibu ulilotaka. Lakini ulipo una kazi, una nyumba, una ukaazi. Julai 2021 China ilipobana vituo vya masomo ya ziada kwa ile sera ya kupunguza mizigo miwili ya wanafunzi, kazi za nyumbani na masomo ya ziada, niliwaona walimu wengi wakisukumwa nje kwa ghafla, bila kuchagua tarehe. Wewe tarehe bado unaichagua mwenyewe.

#16 Mdau

Mimi naongeza moja la makaratasi. China wamejiunga na Mkataba wa Apostili, ule wa nchi kukubali hati za nchi nyingine kwa mhuri mmoja, umeanza kutumika kwao Novemba 7, 2023. Saudia Desemba 7, 2022. Kama shahada yako imetolewa na nchi ambayo nayo ni mwanachama, mhuri mmoja wa apostili kwa kawaida unatosha, ile safari ya wizara halafu ubalozi imekwisha. Kama si mwanachama, njia ndefu iko pale pale. Piga mihuri nakala mbili kwa wakati mmoja, ya pili itakufaa ukihama.

#17 Mleta uzi

Sahihi kabisa mkuu. Na cheti cha polisi kina umri, wengi wanataka kisizidi miezi sita. Kiombe ukishakuwa na ofa, kikitangulia sana kinazeeka mezani.

#18 Mdau aliye China

Walimu, nimerudi baada ya wiki saba, samahani kwa ukimya.

Nilimwendea mkuu wa kituo Jumatatu asubuhi kabla watoto hawajafika. Niliweka vile vifungu mezani kwa Kichina, na chini yake daftari la masomo ya wiki nne, kila siku imeandikwa, mpaka nyimbo za kuanzia kipindi. Hakugusa vifungu. Alichukua daftari, akasoma kurasa kama tatu hivi, akaniuliza kama nitakubali kumfundisha mwalimu mpya wiki ya mwisho. Nikasema ndiyo. Barua alinipa siku ya 28. Shule mpya walinuna ila walisubiri.

#19 Mleta uzi

Hongera sana dada yangu. Tarehe ya mwisho ya kazi iliyoandikwa kwenye barua ni ipi, na cheti cha kufuta kibali kinasemaje?

#20 Mdau aliye China

Zote mbili tarehe 30. Maombi ya kibali kipya yaliingia tarehe 31 asubuhi. Jana nimechukua ukaazi mpya, jina la shule mpya limo.

#21 Mleta uzi

Pengo lako kati ya kufuta na kuomba ni usiku mmoja. Piga picha ukurasa huo, hifadhi sehemu mbili, halafu nenda kalale.